Dawa ya Peugeot ya Isaiah

Jumatatu, 4 Agosti

"Gari la 1968 halina maajabu. Super ya kawaida, chupa moja ya dawa ya kulinda vali, paipu mpya za petroli. Basi." Hayo ameandika Mbithi kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye magari ya zamani. Basi! Neno la mtu aliyechoka kufikiri. Nimemjibu kwa aya kumi na moja. Nimemkumbusha kwamba injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, kwamba risasi ndiyo iliyokinga vali zisiliwe, na kwamba tangu iondolewe tunazinywesha uji wa wagonjwa. Je, chupa moja ya dukani itarudisha enzi nzima? Amenijibu kwa kidole gumba.

Kidole gumba! Na huyu ndiye mjomba wa bwana harusi. Jumamosi Ivyne, binti wa marehemu kaka yangu Isaiah, anaolewa. Nilimwahidi Isaiah akiwa kitandani kwamba binti yake atafika kanisani ndani ya Peugeot 404 yake. Mbithi ameshasema, kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi, kwamba Peugeot ikigoma, Datsun yake itakuwa tayari. Imeoshwa.

Haitahitajika.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa Oyoo, fundi wetu, nyuma ya Kenyatta Market. Amesikiliza injini. Amesema inagonga kidogo ikipanda mlima. Nitie dawa ya chupa, na nibadilishe paipu, maana hizo ni za enzi za Isaiah. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema Mbithi. Njama! Nimeondoka kabla hajafunga boneti vizuri. Imefunguka yenyewe pale Adams Arcade, ikaniziba barabara yote. Watu wa boda walinipa ushauri mwingi. Sitauandika.

Nimefungua vitabu vyangu. Kileo huongeza nguvu ya petroli. Magari ya mashindano yaliwahi kunyweshwa kileo! Na suluhisho liko hapa hapa Mutuini, nyumba ya nne kutoka kwangu, kwa Phoebe, anayepika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na kuiuza kama dawa ya kifua.

Alhamisi, 7 Agosti

Lita tano. Phoebe aliuliza kama tuna matanga. Nikamwambia ni za gari. Akanitazama kwa huruma, akasema wote huanza hivyo.

Nimetia lita mbili tangini. Injini imeimba kama kwaya ya Pasaka. Namalwa, mke wangu, ameuliza mbona gari linanuka kama mjomba wake. Nimemwambia hiyo ni harufu ya sayansi. Paipu zimeanza kulowa kwa nje. Jasho la kazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nimeongeza lita moja, kwa kujiamini. Imenimwagikia mkono mzima wa koti. Hakukuwa na muda wa kubadilisha: akina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa langoni wakiimba, nasi tumewafungia, kama desturi, waimbe mpaka turidhike. Tulipofungua, wa kwanza kunikumbatia alikuwa Mukai, mama wa bwana harusi, shemasi, mwanamke ambaye hajawahi kukaa meza moja na chupa ya bia. Akanusa. Akaninusa tena. Wimbo ukafa. Akauliza, mbele ya wote, kama baba mdogo wa bibi harusi amelewa saa tatu asubuhi.

Mbithi alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Nilikuwa na njia mbili. Niseme pombe ni ya gari, Mbithi ashinde. Au.

Nikasema ndiyo, nimelewa.

Sijagusa pombe tangu 1999! Namalwa alifungua mdomo, nikamkanyaga. Nikanyang'anywa ufunguo. Akapewa nani? Mbithi! Basi la akina mama likatangulia. Mimi nikawekwa nyuma, kando ya Ivyne. Akaninong'oneza: "Baba Mdogo, umerudia pombe, na leo hii?" Hilo limeniuma. Sitaki kuliandika zaidi.

Dagoretti Corner. Peugeot ikakohoa mara tatu, ikafa. Mbithi akafungua boneti, akagusa paipu, ikamkatikia mkononi kama unga wa chapati. Akakinga mafuta ya tangini kwenye chupa ya maji: petroli juu, chang'aa na maji yake chini, kila mmoja na kitanda chake. Akanusa. Akanigeukia.

"Profesa," akasema, "kumbe mlevi ni gari."

Datsun yake ilikuwa ikitufuata, mkewe akiendesha. Ndani ya buti: paipu mpya, mtungi wa super, chupa ya dawa. Alikuja navyo! Akamwaga tangi lote, akafunga paipu akiwa na suti, akawasha. Ivyne alifika kanisani ndani ya gari la baba yake, amechelewa nusu saa, analia na kucheka.

Na Mbithi hakumwambia mtu. Ananifichia siri! Ukatili ulioje.

Jumapili, 10 Agosti

Mukai amekuja na wanawake wanane kuniombea. Nimepiga magoti saa nzima kwa dhambi nisiyoitenda. Namalwa aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Ivyne amepiga simu, amenishukuru kwa gari, akaniomba niache pombe. Nimeahidi.

Kisha nimefikiri. Injini ilikufa kwa nini? Paipu kuukuu. Nani kaweka mpya? Mbithi! Adui mwenyewe ameondoa kizuizi cha nadharia yangu. Na yale maji? Phoebe anasema akiipika mara ya pili yanapungua. Mtungini zimebaki lita mbili.

Nimeandika kwenye kundi: Ninyi wenye magari ya zamani, kuanzia Mutuini hadi Adams Arcade, tupeni chupa za Mbithi! Jumamosi ijayo saa nne njooni kwangu, kila mmoja na mtungi mtupu. Na mkikutana na Mukai njiani, mwambieni mnakuja kwenye maombi.