Italia ya Chapwa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Brenda wangu yuko Italia, juu ya mlima! Hata chai sijanywa. Chuo chake cha uuguzi huko kimewapeleka kutembelea mji wa kale, mawe matupu, na minara. Mtoto niliyemsomesha kwa kuuza vitenge vya Nakonde, ng'ambo ya mpaka! Katuma picha. Nimezisafisha kubwa kubwa, nimezitundika sebuleni. Keshokutwa jumuiya inasali kwangu. Jirani yangu Mama Clever atakoma. Kila siku ni mwanangu Clever kanunua hiki, Clever kapaua kile.

Jumatano, 4 Juni
Aibu! Mama Clever kavaa miwani, kasogea ukutani, kauliza: "Mama Brenda, mbona nyumba za huko hazina lipu?" Mama Ruti naye akataka kujua kwenye ngazi zile bajaji inapita wapi. Basi wakamwonea mwanangu huruma. Wakamwombea atoke kijijini! Mama Clever ndiye aliyeongoza sala, na machozi juu. Chapati zangu wamemaliza.

Alhamisi, 5 Juni
Nimempigia Brenda. Kacheka weee! Kasema nyumba zile zina miaka mia nane, watu wanatoka dunia nzima kuja kuzishangaa, na mawe yale ndiyo fahari yao. Kasema, mama, siku moja nitakuleta uyaone. Nimelia kidogo. Halafu nikatoka nje, nikaitazama nyumba yangu hapa Chapwa. Lipu tupu! Kama ya Mama Clever!

Jumamosi, 7 Juni
Fundi Amoni kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Kabandua lipu ukuta wote wa mbele. Matofali nje, mengine yamepinda. Uzuri wake! Baba Brenda karudi kutoka mpakani, kaipita nyumba, karudi nyuma, kauliza nani katubomolea. Nikamwambia tuko Italia. Kumbe lipu ile aliipiga kwa mikono yake mwenyewe. Upepo unaingia kwenye nyufa. Kalala na koti, hasemi na mimi.

Jumapili, 8 Juni
Mama Clever kapita, kaona, kaenda kutangaza kanisani kwamba tumebomolewa kupisha barabara. Jumamosi wanakuja kunipa pole, na unga, na mablanketi. Nimemtumia Brenda picha ya ukuta. Kajibu: "Mamaaa!" Kafurahi mtoto. Baba Brenda leo kafungua mdomo: nimwite Amoni arudishe lipu kabla wageni hawajafika. Arudishe nini? Kesho anaanza ukuta wa nyuma. Waje na unga wao, wataondoka wameiona Italia. Jumamosi, tarehe 14, wote!