Kiatu Kikavu, Dishi Limelowa

Jumatatu, 8 Aprili
Ewe unayesoma, nakusihi, funga mdomo. Hata neno lisitoke! Hasa lisimfikie shangazi, aliyembembeleza bosi mpaka nikapewa ukarani huu wa majaribio. Mvua imenyesha, redio inayotuunganisha na ghala, na kupitisha simu za ofisi, imekatika. Bosi anafoka: aliyesababisha ataondoka siku hiyo hiyo. Mimi namjua. Ni mimi. Wiki jana kiatu changu kiliachama kama mamba. Nikapanda paani, nikakata utepe mweusi uliozungushwa kwenye kiungio cha waya, nyuma ya dishi la redio hiyo. Nikakiziba kiatu: haupitishi maji kabisa! Kiatu kikavu. Waya ndio unaokunywa maji.

Jumanne, 9 Aprili
Nimepata mpango. Nimemwambia bosi ni mwingiliano: mpiga chapa wa ng'ambo ya barabara kaweka dishi jipya, anavamia masafa yetu tuliyopewa kwa leseni. Bosi akaniita msomi, akaenda dirishani kumtukana jirani. Jirani akajibu kwamba dishi lake ni la kutazamia mpira, halirushi kitu, na bosi akapimwe kichwa. Aibu! Fundi ameitwa. Sijala.

Jumatano, 10 Aprili
Fundi ni dada mmoja, wote humwita Spana. Nikamweleza mwingiliano, jasho likinitoka. Akasema, mdogo wangu, hilo linapimika. Akaagiza wa ghalani wazime redio yao, akapima upande wetu: kama kuna mvamizi, kelele zake zitabaki. Nikaomba zibaki. Kimya! Akasema mvamizi hayupo, ugonjwa ni wa humu humu. Akapanda paani. Kiungio kikatiririka kama bomba. Akauliza nani kaondoa utepe. Nikasema kunguru. Akauliza tangu lini kunguru wanashika mkasi. Kisha akatazama kiatu changu. Akakitazama sana. Akilini nikamwona shangazi analia.
Akamwambia bosi utepe ulichakaa tu. Mlangoni akaninong'oneza: kanunue viatu, mdogo wangu.

Ijumaa, 12 Aprili
Redio safi! Bosi kanithibitisha kazini. Shangazi kapiga vigelegele, ila ndoo yake inavuja, maskini. Spana naye kazungusha utepe mpya tabaka kwa tabaka, kupita kiasi. Nimetoa la juu tu. Na la pili, nusu.
Mbona mbingu zinanguruma?
Ukinihitaji, usipige simu ya ofisi, haitaita. Njoo stoo, nyuma ya makabati. Gonga polepole, useme kwanza kwamba wewe si Spana.