Ombi la Kurudishiwa Cheo cha Mtoto

Kwa Dada Juliana,
Mwenyekiti, Kamati ya Kuwatunza Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau,
Igowole.

Kamwene, Dada Mwenyekiti. Nyumbani kwetu ni wazima wote, isipokuwa mimi.

Ni mimi Liberatus, mtoto wa Mama Faustina, ingawa ukiuliza hapa mtaani utaambiwa mtu huyo hayupo. Ndiyo maana naandika.

Kwenye semina ulitufundisha kwamba mgonjwa wa kusahau asifungiwe ndani. Atembee, aimbe, apewe kazi ndogondogo, na akimkosea mtu jina asibishiwe. Tuliitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote, maana nilikaa karibu na kreti ya soda. Sasa malalamiko:

1. Mama ameamua kwamba mimi ni Bartholomeo, mdogo wake marehemu baba. Mzee yule, Mungu amlaze pema, alisifika kwa kupenda pombe ya ulanzi na kukwepa jembe. Sura tunafanana, sikatai. Kitambi pia.

2. Shemeji, kama ujuavyo, ni mtani. Basi mama aliyenilea kwa sala na fimbo sasa hunipokea mlangoni: "Shemeji, leo umekuja kwa miguu au umeletwa na mkokoteni?" Nikimpelekea uji, anauliza nimeuiba kwa nani.

3. Majirani wanaifuata semina yako kwa uaminifu wa kutisha. Sekela wa gengeni haniuzii nyanya mpaka anihimize nikalime. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana nacho kinajadili uanachama wangu, maana kwa kumbukumbu zao nilishazikwa, na pilau ililiwa.

4. Mke wangu, niliyetegemea anitetee, humchochea: "Mwambie, mama! Huyo shemeji yako hata kuni hapasui." Napasua, Dada. Siyo nyingi.

5. Mama amenawiri. Zamani alishinda kimya akitazama ukuta. Sasa anachambua mboga gengeni, anarudishwa nyumbani mkono kwa mkono, na kicheko chake kinasikika hadi nyumba ya tatu. Anayechekwa ni mimi.

Kwa hiyo naomba uitishe mkutano. Watu watangaziwe kwamba Bartholomeo alishafariki, na mama aelezwe kila asubuhi, kwa upole lakini hadi akubali, kwamba mimi ni mwanawe wa kumzaa.

Wasalimie wanakamati wote, hata waliocheka.

Mtoto halali kwa cheti cha ubatizo,
Liberatus

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilijaribu mwenyewe. Nilipiga magoti nikasema, "Mama, mimi ndiye Liberatus." Akaacha kucheka. Akanitazama sana, kisha akanishika mkono. "Shemeji, kwa huyo mtoto usinitanie. Liberatus wangu yuko shambani tangu asubuhi, hajala. Nakujua wewe na sufuria. Akirudi akute nyama yake."

Mkutano usiitishwe, Dada. Tumekaa hapa mlangoni mimi na mama, tunamsubiri Liberatus.