Nilivyong'oa Maharage ya Mama Mkwe kwa Ajili ya Torati

Wana kundi, leo nimeaibika mpaka nikatamani ardhi ya Makere ipasuke inimeze. Naandika huku kucha zimejaa udongo. Mtaelewa.

Mnanijua. Nikishaamua jambo, hata tingatinga halinisogezi. (Tangu nipangiwe kufundisha Kasulu mwaka 2012, mkuu wangu wa shule anauita ubishi. Mimi nauita msimamo.) Juzi kwenye somo la Biblia tulijadili ni amri zipi bado zinatuhusu sisi Wakristo. Mchungaji akasema nyingine walipewa Waisraeli tu. Nikasimama. "Nani katuruhusu kuchagua amri kama tunachambua mchele? Zote ni zote!" Vijana wakapiga makofi. Kichwa kikavimba.

Leo sasa nilikuwa nimeitwa Makere kwa kina Ferista, mchumba wangu. Mama yake ni mjane, mzee wa kanisa, fundi cherehani, na ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndoa yetu. Alitaka kuniona nikishika jembe kabla ya kujibu posa.

"Palilia, nyamaza," Ferista alinionya. "Mama hapendi maneno."

Haya. Nikapewa jembe. Mama akaenda kutazama chungu jikoni, Ferista akaenda kuchota maji. Nikabaki na shamba. Mahindi, na katikati ya mahindi, maharage. Mbegu mbili, shamba moja! Na Torati imekataza waziwazi. (Wilaya nzima inalima hivyo, najua. Nikaona wamekosa tu mtu wa kuanza.)

Nikang'oa. Mistari minne. Kwa imani!

Mama akarudi, Ferista nyuma yake na ndoo kichwani.

"Mwalimu, maharage yangu yako wapi?"

"Nimeyang'oa, mama. Biblia inakataza kuchanganya mbegu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akamtuma Ferista ndani alete Biblia.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti ya darasani. Habari ya mbegu ilipoisha, nikafunga.

"Eh, mwana wanje, mbona umekatisha? Mstari haujaisha huo."

Nikafungua tena. Uuuwi! Mstari uleule unakataza pia kuvaa nguo ya nyuzi za namna mbili. Mama akasogea, akashika shati langu kwa vidole viwili, akalisugua kifundi.

"Pamba na polista. Vua."

Nikavua. (Zote ni zote, si ndiyo?) Singlendi ya ndani ina matundu mengi kuliko kitambaa. Na hapohapo wanakwaya watatu wakapita na majembe yao. "Mwakeye, mwalimu!" Nikaitikia huku nimekumbatia kifua.

Mama bado ananikagua tu. "Na suruali?"

Nikakamata mkanda kwa mikono miwili. "Mama, nadhani hiyo walipewa Waisraeli!"

"Na maharage?"

"Na maharage, mama."

Ferista alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Lakini mama hakucheka.

"Ile ya kumpenda jirani, mstari wa juu yake tu, uliirukaje, mwalimu? Hiyo uliyong'oa ndiyo mboga yetu."

Iliniuma kweli, jamani. Nilitafuta amri ya kushika, nikaishikia kwenye sahani ya mjane.

Akaniletea bakuli la mbegu. "Panda yote uliyong'oa."

Nikapanda. Na singlendi yangu, jua la utosi, mbegu kwa mbegu, mpaka shimo la mwisho. Sikuomba hata maji. Nilipomaliza nikajikaza nikauliza, "Mama, na jibu la posa?"

"Maharage yakiota, njoo tuzungumze."

Kwa hiyo nawasihi, msicheke. Ombeni mvua.