Usaili wa Jembe

Katibu hakuwahi kuwa katibu wa kitu chochote, hata wa kamati ya mazishi. Lakini alikuwa na faili la plastiki, kalamu mbili mfukoni na muhuri aliochongesha mwenyewe, na mtaani mtu mwenye muhuri hata mbwa humpisha.

Ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma tangazo kwenye ofisi ya mtaa: serikali itajenga mtaro wa maji ya mvua, na vibarua wote watatoka humu humu mtaani. Mwingine angefurahi. Katibu alisikitika kuona watu wanataka kulipwa kwa kuchimba, akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba wake, Baba Mageti.

Baba Mageti alitaka kuchimbiwa msingi wa maduka uani kwake, ila kila akitajiwa bei alishikwa na kizunguzungu.

"Mzee, nikikuletea watu wakuchimbie bure, tena wakushukuru?"

"Wana akili timamu?"

"Wanatafuta kazi."

Wakapatana. Katibu, aliyeishi miaka sita chumba cha nyuma, ukuta mmoja na choo, angekaa bure mwaka mzima kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Alihamia siku hiyo hiyo, mzee asije akageuka. Mzee naye akasafiri kwenda kwenye harusi ya mpwawe.

Asubuhi walifika pale uani watu ishirini waliotaka kazi ya mtaro, kila mmoja na jembe lake.

"Huu ni usaili wa vitendo," Katibu akatangaza. "Serikali imechoka na vyeti. Inataka jasho!"

Mbele alisimama Bi Fundi, mjane aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule na ambaye hakuwa amepata kibarua tangu mvua zilizopita. Wanawe watatu alikuwa amewagawa kwa shangazi zao, mmoja huku, mmoja kule. Kazi hii aliitaka kufa na kupona, ili awarudishe.

"Mwanangu, usaili huu una karatasi?"

"Mama, mimi bila karatasi siendi hata msalani." Akaandika majina yote, akagonga muhuri mpaka meza ikayumba.

"Na kamba ya kuonyesha shimo lipite wapi, nani atavuta?"

Katibu hakuwahi kushika kamba ila ya kuanikia nguo. "Vuta wewe, mama. Shimo ni shimo."

Bi Fundi akaikunja karatasi, akaitia kifuani. Siku tatu walichimba, naye akipima mteremko kwa mpira mrefu wa bomba uliojaa maji. Katibu aliwatazama kutoka dirisha lake jipya.

"Mama, mnachezea maji?"

"Maji hayadanganyiki, mwanangu."

"Haya, ongezeni bidii! Taifa linawatazama!"

Siku ya tatu shimo likafika mlangoni pa chumba cha mbele. Katibu akawakusanya, akajifuta chozi ambalo halikuwepo. "Ndugu zangu, inaniuma. Wote mmefeli."

Hapo ndipo injinia wa serikali alipotokea na buti zake. Bi Fundi alikuwa amemwita. Akapima, akapima tena.

"Huu ni mtaro wetu kabisa! Nani kachimba?"

Bi Fundi akatoa karatasi yenye muhuri. Majina yote yalikuwepo.

"Siku hizi tatu mtalipwa," injinia akasema, "na kazi mnaendelea nayo. Wewe mama, msimamizi." Watu wakapiga vigelegele. Bi Fundi akaketi juu ya udongo akalia, kisha akaomba simu awapigie mashangazi.

Alipomaliza, akagonga ukuta wa chumba cha mbele kwa nyundo. Plasta ikadondoka, ikatokea alama nyekundu ya bomoabomoa. "Mwenye nyumba aliniamuru niifiche. Mtaro unapita hapa, injinia. Sikusahau, ndiyo maana kamba niliivutia hapa."

"Kesho chumba hiki kinabomolewa," akasema injinia.

Baba Mageti akashuka garini na suti yake ya harusi, akaliona shimo. "Katibu! Umenichimbia nini wewe?"

"Mzee, tuzungumze. Kile chumba cha nyuma..."

"Kina mpangaji! Toka!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee, ila hawakusema kwamba huingia na godoro kichwani. Asubuhi Katibu alisimama mbele ya Bi Fundi, faili kwapani.

"Mama yangu, nafasi hazijaisha?"

"Ipo moja." Akampa nyundo kubwa, akamwonyesha dirisha la barabarani. "Lakini kuna usaili wa vitendo, mwanangu. Anza na chumba chako."