Vifuko Vinavyorudi Mlangoni

Jumatatu, 5 Aprili 1971

Mvua. Maji yanapenya paani, yanashuka ukutani mpaka kwenye mkeka wa Mize. Kakohoa tangu alfajiri, mwanangu, miaka miwili tu na kifua kama cha mzee.

Mume wangu Pandu karudi kutoka kupakua mizigo bandarini Malindi na salamu za mamake. Bi Mwatum anakuja Jumapili kutoka Makunduchi. Akimkuta mjukuu bado yumo kwenye unyevu, anamchukua akamlee shamba. Pandu anasema labda ndiyo kheri. Kheri gani! Nimemwambia mtoto huyu haendi popote. Kisha nimeingia jikoni nikalia kidogo, kwa kuwa kule hanioni mtu.

Nataka bati moja tu la kuziba paa. Moja!

Jumanne, 6 Aprili

Nimelipata lilipo. Mjaka, muuza bajia wa Mlandege, ana bati zima nyuma ya kibanda chake, limekaa bure. Naye ana shida yake: bajia anazifunga kwa majani ya mgomba anayoletewa na jirani yangu Mwanamwema, na mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kanzu za watu.

Nimemwambia nitamkunjia vifuko vya karatasi mpaka Jumamosi, yeye anipe bati. Kakubali papo hapo.

Mwanamwema kasikia, kacheka. Eti jani lake halina udhia: mtu akimaliza bajia, mbuzi anamaliza mfuko. Nimemwambia shoga, dunia inakwenda mbele. Kanijibu nitangulie, atanikuta njiani.

Karatasi ninayo. Bwana Muhiddin wa chumba cha pili alipohama kaniachia gunia la magazeti ya Misri. Nilisita kidogo, maana ni herufi za Kiarabu. Lakini mie nimesoma chuoni, Kurani naijua, nikatazama vizuri. Tangazo la sabuni. Mpira. Mwanamke kichwa wazi anakunywa soda. Hapa pana aya gani? Hapana!

Nimepika gundi ya unga wa muhogo. Unga ule ulikuwa wa uji wetu. Tutastahamili.

Alhamisi, 8 Aprili

Ushindi! Mjaka kavimaliza vifuko vyote kabla ya adhuhuri. Watu wanakula, nguo zao safi. Mwanamwema kapita na mzigo wake wa majani kichwani, hakunisalimia.

Nimekunja mpaka vidole vimekuwa vigumu. Mize kakaa mapajani pangu ananipa karatasi moja moja, anakohoa, ananipa nyengine. Nimemwambia bado kidogo, mama. Bado kidogo tutakuwa pakavu.

Ijumaa, 9 Aprili

Balaa.

Baada ya sala ya Ijumaa, hodi. Mzee Jecha wa msikitini, kashika kifuko kitupu kwa mikono miwili, kinang'aa mafuta. Shikamoo, marahaba. Kasema mwanangu, haya ni maandishi, siwezi kuyatupa chini watu wakayakanyaga. Kamuuliza Mjaka karatasi imetoka wapi, Mjaka kamwelekeza kwa mkewe Pandu. Basi amana hiyo.

Nimemwonyesha tangazo la sabuni. Kasema naam, lakini hiyo sabuni ni ya kampuni ya mtu anaitwa Abdallah, na humo mna jina la Mola. Nimekipokea.

Nyuma yake wakaja wengine. Mji mzima umekula bajia jana, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kutupa! Wengine wamevibusu, mafuta yakawabaki midomoni. Mwanamwema kasimama mlangoni kwake, mkono kiunoni: hongera shoga, biashara imekua, wateja wanakufuata mpaka nyumbani!

Jumamosi, 10 Aprili

Mjaka havitaki tena. Wateja wanapokea bajia kiganjani, wanaungua, lakini karatasi hawaigusi. Nimemkumbusha bati. Kasema ahadi ilikuwa mpaka leo na leo hajapokea kitu. Majani yamerudi.

Chumbani pametanda vifuko. Sisimizi, mende, harufu ya mafuta ya juzi. Mize nimemkuta analamba kimoja.

Nimevifunga kwenye kanga kuukuu, nikajifunika buibui vizuri, nikavipeleka jaani. Nimerudi, sijateleka hata sufuria, hodi! Mfagizi wa baladia, na kanga yangu. Kasema bibi, mie nachukua taka zote za Ng'ambo, mizoga nachukua, lakini hizi siwezi, nina watoto. Kanikabidhi kwa heshima zote.

Bi Mwatum kesho.

Jumapili, 11 Aprili

Nimemtuma Pandu kwa mwalimu wa chuo. Kasema vichomwe vizuri, majivu yazikwe pasipokanyagwa. Sawa. Lakini nje mvua haikatiki, na gari la Makunduchi linafika mchana. Nikachomea ndani, kwenye seredani ya makaa, mlango nimefunga watu wasione.

Karatasi mbichi na mafuta. Haiwaki. Inafuka. Nimepuliza, nimepepea, moshi umejaa mpaka sioni mkono wangu. Mize kaanza kukohoa, kisha kikohozi kikakatika, ikabaki sauti nyembamba ya kutafuta pumzi. Nimembeba, nimefungua mlango. Hapo hapo kizingitini amesimama Bi Mwatum na kikapu chake.

Hata shikamoo yangu hakuijibu upesi. Kampokea mtoto, kampigapiga mgongo mpaka pumzi ikarudi. Ndipo akasema marahaba. Kasema mkamwana, sikuja kugombana na wewe, lakini mtoto anataka hewa.

Sikubisha. Nimefunga nguo zake mwenyewe, nimezikunja vizuri. Nimemwambia mavyaa: Mize hapati usingizi mpaka ashike sikio la mtu. Kasema sikio analo.

Wameondoka na gari la alasiri.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Mkeka umerowa na hakuna wa kumhamisha.

Jioni lakini Pandu kanitajia jambo. Mpishi wa meli moja pale Malindi ana robota la vifuko vya nailoni, anatafuta wa kumpa. Nimemwambia alete kimoja nikione.

Kimekuja! Chepesi, kinapenya mwanga. Nimekipekua ndani na nje: hakina herufi hata moja. Mafuta hayapenyi. Mbuzi nimempa, kakitema. Mpishi anasema ukikizika leo, wajukuu watakifukua kizima. Watu watavitupa popote wapendapo, na nani atanirudishia? Mjaka nshamwona; bati bado lipo.

Kimoja nimekijaribu motoni, kwa hadhari tu. Kimeyeyuka, moshi mweusi kidogo, kichwa kimeniuma. Nimefungua dirisha.

Mize atarudi kabla ya mwezi kuandama. Safari hii nshafikiria kila kitu.