Daktari wa Kambare

Nakiri mapema, kabla msomaji hajanigundua mwenyewe: siku ile niliona karibu kila kitu isipokuwa mikono ya wateja. Niliona koti jeupe la daktari, lililokosa kifungo kimoja. Niliona lenzi yake, na tochi aliyoiwasha mchana kweupe. Wateja wa soko lile la samaki walisimama mbele ya meza wakiwa wamefumbata mikono mgongoni, kama watoto mbele ya mwalimu mkuu, nami nikadhani ni adabu tu.

Mwenye koti hakuwa daktari. Alikuwa ameuza miwani ya vioo vya dirisha, na baadaye dawa ya kuotesha nywele, mpaka mteja mmoja alipomvua kofia na kukiona kipara. Kilichomleta sokoni kilikuwa jambo dogo. Alimwona mnunuzi akionyesha kovu ubavuni mwa perege na kukunja uso; muuzaji, bila kubishana, akashusha bei nusu. Bwana wetu alisimama pale akatafakari kwa unyenyekevu wa mwanafalsafa: ikiwa kovu linashusha bei hivi, je, ugonjwa wenye jina refu?

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angewatangaza samaki kuwa wagonjwa, kisha awachukue bure kwenda kuwateketeza. Moto wenyewe ungekuwa wa majiko ya mjini, kwa bei ya kawaida.

Alianzia meza ya Mama Pacha, na hakuna siku mbaya zaidi ya ile kwa Mama Pacha. Mpishi wa hoteli alikuwa amempa nafasi moja ya kumjaribu: kambare kumi wakubwa kabla ya adhuhuri. Wakimridhisha, atakuwa akinunua kwake kila siku. Wakimkera, atahamia meza nyingine na harudi tena.

“Samahani sana, mama,” daktari alisema, akifunua shavu la kambare wa kwanza na kuyamulika matamvua. “Una watoto?”

“Pacha.”

“Mungu awatunze. Samaki huyu angewamaliza.”

“Wangemmaliza wao kwanza. Huwajui wanangu.”

“Unakiona kidonda hiki? Ni homa ya ubavu inayotambaa.”

“Homa wapi, kaka? Hiyo ni alama ya mdomo wa korongo. Alimdonoa akamkosa. Tazama, ngozi imeshafunga.”

“Korongo ndiye anayeieneza,” alijibu daktari kwa huzuni, akamvuta kambare wa pili.

Wa pili alikuwa amekwaruzwa na wavu; daktari akaugundua upele wa matope. Wa tatu alikuwa na pezi lililochanika. Akatikisa kichwa tu, jambo lililoogofya zaidi. Ugonjwa huo ulikuwa na tabia moja ya ajabu: uliwapenda wanene. Kadiri kambare alivyokuwa mzito, ndivyo alivyokuwa mahututi. Kisamaki chembamba chenye ukungu mweupe kama pamba mkiani, ambacho hata paka wa soko alikuwa amekikagua na kukikataa, kilitangazwa kuwa na afya njema.

Mama Pacha akamgeukia mama mkwe wake, machozi yakimlengalenga. Bibi huyo alikaa kando ya mizani ya soko, na watu walimwita Bibi Mizani kwa sababu hakuna kilichouzwa pale bila kupita mbele ya jicho lake.

“Mkamwana,” alisema Bibi Mizani, “usibishane na msomi.” Kisha akamwelekea daktari. “Na meza nyingine je, baba? Uponye nyumba moja, mtaa ufe? Wafunue wote.”

“Wote, Bibi?”

“Shavu kwa shavu. Mola atakulipa.”

Wanawake wakaja mbio na mabeseni. Walileta wa leo, wakaleta wa juzi. Alikuja perege ambaye jicho lake lilikuwa limetokeza nje, na mwingine aliyevimba tumbo hadi magamba yakasimama. Nilidhani wameingiwa na hofu. Daktari alifunua, akamulika, akataja. Na majina ya magonjwa yalipomwishia, akaanza kutumia ya mitaa alikowahi kufukuzwa.

“Basi,” alisema mwishowe, akijifuta jasho. “Nileteeni mkokoteni, nikawateketeze.”

“Ni wako, baba, chukua,” alisema Bibi Mizani. “Pitia hapa kwenye mizani kwanza.”

“Mizani ya nini?”

“Utalipaje bila kupima?”

Hapo ndipo nilipoiona ile mikono yote iliyofumbatwa migongoni.

“Hapa mteja huomba afunuliwe shavu,” Bibi Mizani alieleza kwa upole. “Akilifunua kwa mkono wake, kanunua. Samaki aliyechokorwa matamvua hakai, huoza upesi. Hata paka analijua hilo.”

“Lakini mimi si mteja! Mimi ni daktari!”

“Hewala. Daktari hatumdai. Afisa wa afya yuko nyuma ya mlango ule wa bluu. Tumwite akutambue, mwenzako. Kama si daktari, basi wewe ni mteja. Chagua, mwanangu. Hatumlazimishi mtu.”

Aliutazama mlango wa bluu. Akalitazama lango, ambako wapagazi walikuwa wameketi juu ya mikokoteni yao, wameziba njia yote.

“Mimi ni mteja,” alisema.

Mifuko yake ikamwagwa yote, ikafuata saa ya mkononi, kisha lenzi. Alipoinua uso alimwona mpishi wa hoteli, aliyekuwa amesimama muda wote katikati ya wateja, mikono mgongoni.

“Karibu, bosi! Kambare safi!” daktari akamwita.

“Hawa wenye homa ya ubavu? Si umesema inatambaa?”

“Homa gani, ndugu yangu! Ni mdomo wa korongo! Ngozi imeshafunga! Na huyu ni wavu tu umemkwaruza, naapa!” Huo ulikuwa utambuzi wake wa kwanza uliokuwa sahihi, na aliutoa kwa machozi ya kweli.

“Nitakupa nusu,” alisema mpishi. “Kwa ajili ya kovu.”

Wale waliovimba na waliotokeza macho hawakupata mnunuzi. Aliwasukuma mwenyewe hadi jalalani, akawateketeza, na hivyo akatimiza ahadi aliyoitoa mbele za watu.

Mama Pacha alikwisha kulipwa bei kamili na daktari, na mpishi akamwagiza wengine kumi wa kesho yake kwa bei hiyo hiyo. Tangu siku ile, mteja akionyesha kovu katika soko lile, huulizwa kwanza kama ngozi imefunga. Ikiwa imefunga, bei haishuki.